Kupiga baiskeli kwenye vilima vya mizabibu bila kumaliza miguu mapema

Ukiangalia picha za mashamba ya mizabibu unaona vilima vimelala vizuri, mistari imenyooka, kabarabara kembamba kanapita katikati, hakuna mlima hata mmoja wa kutisha, na hapo ndipo watu wanapoingia mkenge. Mlima mrefu haukufichi kitu, unauona toka mbali unajua leo kuna kazi, unatulia, unaweka gia nyepesi unapanda mdogo mdogo. Hivi vilima vya panda shuka panda shuka kila kimoja kinaonekana cha dakika mbili tatu tu, basi unakichapa kwa nguvu ili kiishe, unashuka, unakutana na kingine unakichapa tena, na ikifika saa ya tatu ya safari miguu inagoma na njia bado ipo.

Hesabu yake ni rahisi tu. Kilima cha mita 50 si chochote, lakini vikiwa 20 ndani ya njia ya km 80 umeshapanda mita 1000, yani umepanda mlima wa maana kabisa ila umeupanda vipande vipande na kila kipande umekianza na papara. Karibu kila kitu kinachofuata hapa chini, kuanzia gia mpaka chakula, kimepangwa kwa ajili ya hilo, ubaki na miguu ya kilima cha ishirini.

Kwanza isome ardhi

Mzabibu haukuwekwa kwenye mteremko kwa kubahatisha. Mteremko unapata jua vizuri, maji ya mvua hayatuami kwenye mizizi, na ile baridi kali ya usiku inashuka inaenda kukaa bondeni kwa hiyo machipukizi ya juu yanapona na jalidi. Ndiyo maana sehemu nyingi za mvinyo mpangilio wake unafanana: chini bondeni kuna barabara kubwa na malori, katikati ya mteremko ndiyo mizabibu na vijiji, juu kabisa msitu. Burgundy kule Ufaransa iko hivyo hivyo, barabara ya D974 imelala chini ya mteremko wa Côte d'Or, mashamba yenye majina makubwa na bei mbaya yako juu yake kidogo, halafu msitu. Kwa mwendesha baiskeli maana yake una njia tatu za kuchagua: ya chini ni tambarare lakini ina magari, ya katikati ni nzuri kuliko zote ila inapanda na kushuka kila baada ya kijiji, na ya juu ni kimya sana lakini kufika huko lazima utoke jasho.

Hiyo ya katikati inapanda na kushuka kwa sababu vijito vinavyotoka juu vimeukata mteremko, kila kijito kimechimba kibonde chake, kwa hiyo unashuka, unavuka kidaraja, unapanda tena. Ukiiangalia ramani yenye mistari ya mwinuko utaviona vibonde vyote kabla hujatoka nyumbani, na ukivihesabu utajua leo una vilima vingapi. Hii ni bora kuliko kuangalia jumla ya mita peke yake, maana mita 800 za kilima kimoja na mita 800 za vilima 16 si kitu kimoja kwenye miguu hata kidogo.

Jumla nayo ina kazi yake lakini. Gawanya mita za kupanda kwa kilomita za njia. Ukipata chini ya mita 5 kwa kila km hiyo ni njia laini, ukipata 10 hapo unajua ni siku ya vilima kweli, ukipata 15 na kwenda juu jipange kama unaenda milimani. Na usiamini sana ule mchoro wa mwinuko kwenye programu za ramani, unalainisha mambo, kipande cha mita 150 chenye mwinuko wa asilimia 14 (yani kila mita 100 unapanda 14) kinaweza kuonekana asilimia 8 kwa sababu wamekipa wastani pamoja na sehemu ya tambarare. Kama kuna picha za barabara mtandaoni zifungue uangalie sehemu ambazo mistari ya mwinuko imebanana.

Jambo lingine ambalo wageni wa maeneo haya hawalitarajii ni barabara zinazoishia katikati ya shamba. Zile njia nyembamba kati ya mizabibu zilitengenezwa kwa ajili ya wakulima, kwenye ramani zinaonekana zinaunganika vizuri, ukifika unakuta lami imeisha, mbele nyasi na mistari ya mizabibu, na umeshashuka asilimia 12 kufika hapo kwa hiyo kurudi ni kupanda. Programu za kupanga njia zinazoonyesha wapi waendesha baiskeli wengi wanapita zinasaidia sana hapa, ukiona njia haina hata alama ya mtu kupita jiulize kwa nini. Usikatishe ndani ya shamba la mtu, hayo ni mali binafsi hata kama hayana uzio.

Mahali pa kuanzia na mahali pa kuogopa

Kama ni mara ya kwanza, chukua njia ya Voie des Vignes kutoka Beaune kwenda Santenay, hapo hapo Burgundy, ni kilomita 20 na kitu, inapita vijiji vya Pommard, Meursault na Puligny-Montrachet, sehemu kubwa ni vijibarabara vya mashambani, magari machache na vilima vya kiasi. Alsace, Ufaransa hiyo hiyo, nayo ina barabara yake ya mvinyo toka mwaka 1953, kama km 170 kutoka Marlenheim mpaka Thann chini ya milima ya Vosges, nzuri ya kugawa siku mbili tatu, na uzuri wake ni kwamba ukichoka unageuza upande wa mashariki unashuka kwenye uwanda wa mto Rhine unaendelea tambarare. Ujerumani kuna barabara ya mvinyo inayoitwa Deutsche Weinstraße, hii ni ya 1935, kama km 85 kutoka Schweigen mpaka Bockenheim, na Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane wanaifunga kwa magari, inabaki ya baiskeli na watu wa miguu, raha sana ila msongamano wake nao si wa kitoto.

Kingo za mito zinadanganya. Njia ya baiskeli ya kando ya mto Mosel, Ujerumani, ni tambarare unaweza kwenda na watoto, lakini kata kona moja tu uingie mashambani unakutana na ukuta, shamba la Bremmer Calmont lina sehemu zinazofika nyuzi 65, huko baiskeli sahau. Kwa hiyo Mosel ni ya namna mbili, ya mtu anayetaka kupumzika na ya mtu anayetaka kuumia, na umbali kati yao ni mita mia moja.

Wale wa kuumia waende Italia. Kwenye vilima vya Prosecco, ule mvinyo wa mapovu, kati ya Conegliano na Valdobbiadene kuna kilima cha Muro di Ca' del Poggio, ni km 1.1 tu, wastani asilimia 12, kuna kipande kinafika 19. Chianti na upande wa Siena kuna zile barabara nyeupe za changarawe ambazo zimekuwa maarufu kwa sababu ya L'Eroica, ile safari ya baiskeli za zamani iliyoanza Gaiole mwaka 1997, halafu mashindano ya Strade Bianche toka 2007 ambayo yanaisha kwa kupanda kichochoro cha Santa Caterina chenye asilimia 16 kabla ya kuingia uwanja wa Piazza del Campo. Na Ufaransa wenyewe mwaka 2024 Tour de France iliwapeleka waendeshaji kwenye vipande 14 vya changarawe kuzunguka mji wa Troyes, baadhi vikipita mashamba ya Champagne, na waliofuatilia siku ile waliona watu wanaolipwa kwa kazi hii wakishuka kwenye baiskeli na kusukuma kwa miguu. Kwa hiyo ukishuka kusukuma wewe usione aibu.

Gia, hapa usifanye ubishi

Kuna watu wanaona kuweka gia nyepesi ni unyonge, sijui nani aliwaambia. Baiskeli nyingi za resi za sasa zinakuja na sproketi mbili mbele, za meno 50 na 34, na nyuma kaseti, yani rundo la sproketi, ambayo kubwa yake inaishia meno 28, 30, 32 au 34. Kwa vilima vya mizabibu chukua inayoishia 32 au 34. Ukiwa na 34 mbele na 34 nyuma, mguu ukizunguka mara moja na gurudumu linazunguka mara moja, kama mita 2.1 hivi. Sasa chukua mwinuko wa asilimia 10 na mwendo wa km 8 kwa saa, miguu itazunguka kama mara 63 kwa dakika, inavumilika. Chukua zile gia za zamani za 39 mbele na 25 nyuma, kilima kile kile mwendo ule ule, unazunguka mara 40 tu, kila mzunguko ni kama unapanda ngazi na mtu mgongoni, goti linalalamika, na hicho ni kilima kimoja tu kati ya vile ishirini. Nguvu unayotumia ni ile ile lakini misuli haichoki sawa, ukizungusha taratibu kwa kukandamiza unaimaliza misuli, ukizungusha haraka na wepesi mzigo unaenda zaidi kwenye mapafu na moyo, na hao wanarudi kwenye hali yao dakika mbili tu ukishuka.

Kubadilisha gia kwenyewe kuna namna yake. Vilima vifupi havikupi muda wa kufikiri, sekunde kumi zilizopita ulikuwa unashuka na km 45, sasa unapanda na 15. Punguza sproketi ya mbele mapema, pale unapoanza tu kuhisi mwendo unakufa, usisubiri mpaka umesimama kwenye pedali umekamua kila kitu halafu ndiyo unabonyeza liva, cheni ikiwa na mzigo inagoma au inaruka inadondoka, na kudondosha cheni kwenye asilimia 12 ni shughuli, kuanza tena hapo ni shughuli ya pili. Ukishusha mbele kwenda sproketi ndogo, papo hapo ongeza ugumu nyuma gia moja au mbili, ili miguu isizunguke hewani ghafla. Na sekunde ile unayobadilisha legeza pedali kidogo, nusu mzunguko tu inatosha.

Tairi: upana wa milimita 28 kwa lami, 30 au 32 kama njia ina vipande vibovu au changarawe, na hakikisha fremu inaziruhusu. Mtu wa kilo 70 na kitu kwenye tairi za 28 hahitaji upepo wa psi 110, zile ni stori za zamani, kati ya 65 na 80 inatosha, inashika kona vizuri na haikutikisi, ila kaa ndani ya kipimo kilichoandikwa kwenye tairi na rimu.

Namna ya kupanda

Mtu na baiskeli yake pamoja wawe kilo 85, mwinuko asilimia 8, mwendo km 10 kwa saa: hapo unahitaji kama wati 200. Ukitaka kwenda 13 badala ya 10 unahitaji 260 na kitu. Kwenye kilima cha kilomita moja umeokoa dakika moja na nusu hivi, haifiki, na umelipia kwa kuongeza theluthi nzima ya nguvu. Fanya hivyo mara 20 uone. Kwa hiyo kanuni ya kilima cha kwanza mpaka cha tano ni kwamba uwe unaweza kuongea sentensi nzima wakati unapanda, kama huwezi punguza, hata kama kundi linakupita, wengi wa hao utawakuta mbele huko.

Simaanishi upande kama umelala. Kupanda utatumia nguvu zaidi kuliko tambarare, hiyo haikwepeki na ni sawa, kwa sababu kwenye kupanda unapigana na uzito, kila wati unayoongeza unaiona kwenye mwendo, ila kwenye kushuka unapigana na upepo na upepo ni mchoyo, ukishafika km 45 au 50 kwa saa ukikazana sana unaongeza kilomita mbili tu. Kwa hiyo ongeza kidogo kupanda, pumzika kushuka, ila hiyo kidogo iwe kidogo kweli.

Sehemu ambayo watu wengi wanapoteza ni pale juu kwenye kilele. Wanajiua mwanzoni mwa kilima, wakifika juu wamekata pumzi wanaacha kupiga pedali, baiskeli inatambaa mita 50 kwenye tambarare ya juu na mita 30 za mwanzo za kushuka. Geuza. Anza kilima kwa utulivu kuliko unavyojisikia, katikati shikilia hapo hapo, halafu mita 20 za mwisho endelea kukanyaga vile vile mpaka umevuka na baiskeli imeshika mwendo wa kushuka, ndipo uache. Mizunguko kumi tu ya ziada pale juu inakupa kasi ambayo inakubeba mteremko mzima na robo ya kilima kinachofuata.

Vile vilima vifupi kabisa, vya mita 100 mpaka 200, vina utaratibu wake. Hapo tumia kasi uliyotoka nayo chini, endelea kupiga pedali kabla hujafika bondeni, ingia kilimani na gia ngumu, na kila unapohisi mzigo unaongezeka toa gia moja nyuma, moja, moja, ukifika karibu na juu simama kwenye pedali mara chache uvuke. Kilima kikiwa kirefu kuliko ulivyodhani usibaki kishujaa na gia ngumu, kaa chini, shusha mbele, anza maisha mapya.

Kukaa au kusimama? Kaa muda mwingi, mikono juu ya usukani, mabega yalegee, kifua wazi. Simama pale mwinuko unapozidi asilimia 10 au mgongo ukitaka kunyooka, na kabla ya kusimama ongeza ugumu gia moja, la sivyo miguu inazama ghafla na aliye nyuma yako anaweza kukugonga maana baiskeli inarudi nyuma kidogo. Hilo la mwisho wanaoendesha kwenye kundi walijue vizuri.

Kushuka

Barabara za mashambani zina kona zilizozibwa na kuta za mawe au na mizabibu yenyewe, kiangazi majani yakishajaa huoni anayekuja upande wa pili. Kasi yako iwe ile ambayo unaweza kusimama ndani ya umbali unaouona, hii haina mjadala.

Mikono iwe chini kwenye usukani uliopinda, hapo breki unazikamata kwa nguvu zaidi na uzito wako unakaa chini. Breki kabla ya kona, zote mbili, ya mbele ndiyo inafanya kazi kubwa lakini ibane pole pole uongeze, usiikamate ghafla. Ndani ya kona achia, pedali ya upande wa nje iwe chini na uikanyage kwa uzito, macho yaangalie unakotokea, ukikodolea macho shimo utaingia kwenye shimo. Mteremko mrefu usikae umeshika breki kidogo kidogo muda wote, hasa kama zinabana rimu, na zaidi kama rimu ni za kaboni, zinachemka. Bana kwa nguvu, achia, bana, achia.

Changarawe au lami yenye vumbi: kona unaichukua baiskeli ikiwa wima kiasi, kasi unaimaliza mapema, breki ya mbele kwa adabu.

Msimu, matrekta na dawa

Mavuno kaskazini mwa dunia ni kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi hivi, kusini kama Afrika Kusini, Chile au Australia ni wa pili mpaka wa nne. Ni kipindi kizuri sana kwa macho na ndicho kipindi kigumu barabarani, kwa sababu kila mtu ana haraka, matrekta yanavuta matela ya zabibu, kuna magari madogo ya wavunaji yameegeshwa kwenye kona, na barabara inapata matope yanayoanguka kwenye matairi ya trekta. Matope hayo yakiwa makavu ni vumbi tu, yakipata mvua kidogo au umande wa asubuhi yanateleza hatari. Ukiona alama za matope zinaingia barabarani kutoka shambani punguza kabla hujafika hapo. Zabibu zilizopondeka nazo hazina tofauti na sabuni.

Trekta unaipisha. Mtu yuko kazini, wewe uko matembezini. Yale matrekta marefu yanayopita juu ya mistari ya mizabibu dereva wake amekaa juu kabisa, mtu aliye karibu na gurudumu hamuoni, kwa hiyo usijipenyeze ubavuni, subiri akuonyeshe ishara ya mkono.

Kuanzia majani yanapochipua mpaka wiki chache kabla ya mavuno wanapiga dawa, salfa na shaba na nyinginezo. Ukiona ukungu unatoka nyuma ya trekta, simama mbali upande ambao upepo unatokea, subiri apite au geuza njia. Unapopanda kilima unavuta hewa nyingi mno, si wakati wa kupita kwenye wingu la dawa. Kama umepita kwa bahati mbaya osha uso na mdomo wa chupa kabla ya kunywa. Na zabibu za shambani usichume, hata kama hakuna anayeona, ni wizi, na huwezi kujua jana zimepuliziwa nini.

Kingine cha msimu ni kivuli, yani hakuna. Mizabibu mingi inaishia kifuani au usawa wa kichwa, na mashamba yameelekezwa kwenye jua kwa makusudi, kaskazini mwa dunia mengi yanaangalia kusini na kusini mwa dunia mengi yanaangalia kaskazini. Wewe unapita katikati ya sehemu iliyochaguliwa kwa sababu inapata jua kuliko majirani zake. Kiangazi toka alfajiri, maliza kabla ya saa sita au saa saba mchana, na kama lazima uendelee hamia njia ya juu ya msituni saa zile za jua kali.

Maji na kula

Chupa mbili, si moja. Nusu lita kwa saa ni kiwango cha chini, joto likiwa kali karibu lita moja, na moja ya chupa iwe na chumvi kidogo. Vijiji vya mvinyo ni vingi lakini maduka yaliyo wazi si mengi, Ufaransa na Italia vijijini wengi wanafunga mchana na Jumapili ndiyo kabisa. Bomba za maji zipo, Italia kwenye viwanja vya vijiji, Ufaransa makaburini karibu kila mara kuna bomba, lakini soma kibao, ukiona imeandikwa non potable au non potabile hayo si ya kunywa.

Wanga gramu 30 mpaka 60 kwa saa kwa safari ya zaidi ya saa moja na nusu, wenye mazoezi ya tumbo wanafika 90. Ndizi moja ya kawaida ni kama gramu 25 kwa hiyo piga hesabu. Vilima vinafanya watu wasahau kula, ukipanda huwezi kutafuna na ukishuka mikono iko kwenye breki, kwa hiyo kula pale juu baada ya kilele kama kuna tambarare kidogo, au weka saa ilie kila dakika 20. Usisubiri njaa. Njaa ikishafika umechelewa kwa nusu saa nzima.

Halafu suala la mvinyo wenyewe

Najua wengine ndiyo wamekuja kwa ajili hiyo. Onja baada ya kumaliza, baiskeli ikiwa imeegeshwa. Kama ni lazima kusimama njiani kwenye ghala la mvinyo, onja na uteme, chombo cha kutemea kipo pale mezani kwa kazi hiyo na mwenye nyumba haoni vibaya, wataalamu wote wanatema. Joto, jasho na pombe havipatani, pombe inakutoa maji wakati mwili unayatafuta, na jambo la kwanza kupotea ni ule wepesi wa kuamua, ambao kwenye kona ya kushuka ndiyo unaohitaji kuliko kitu kingine.

Sheria nazo zipo. Ufaransa mwendesha baiskeli anabanwa na kikomo kile kile cha dereva, gramu 0.5 kwa lita ya damu. Ujerumani kwa baiskeli ukifika 1.6 kwa elfu ni kosa la jinai hata kama hujayumba wala kugonga mtu, na chini ya hapo ukiendesha ovyo au ukasababisha ajali bado unashitakiwa. Chupa za kununua waombe wakutumie au urudi na gari, usiweke chupa mbili za kioo kwenye mfuko wa mgongoni halafu ushuke asilimia 12.

Tukiwa kwenye sheria, Ufaransa gari linatakiwa likupishe kwa mita 1 mjini na 1.5 nje ya mji, na nje ya mji usiku au kukiwa na ukungu wewe unatakiwa uvae kizibao kinachong'aa. Asubuhi za mavuno ukungu unakaa bondeni mpaka saa tatu nne, kwa hiyo taa ya nyuma iwake hata kama juu kilimani kuna jua, maana utashuka uingie kwenye ukungu huo ndani ya dakika mbili.

Vya kubeba ni vile vile vya siku zote, tyubu mbili badala ya moja, pampu, vishikizo vya kufungulia tairi, kiungo cha cheni, na koti jepesi la upepo kwa ajili ya kushuka ukiwa umelowa jasho. Tyubu mbili nina sababu. Mizabibu inashikiliwa na waya, na kila mwaka waya unakatwa unafungwa upya, matawi yanapunguzwa, vipande vinabaki njiani. Ukitoka kwenye vijia vya shambani simama, zungusha gurudumu taratibu ukipitisha macho kwenye tairi, toa kila kilichojichomeka kabla hakijazama. Ukipata pancha usiingize tyubu mpya mpaka umepapasa ndani ya tairi yote kwa kidole, pole pole maana waya unakata, kale kawaya kakibaki ndani na tyubu ya pili inaenda dakika tano hazijaisha.

Ukirudi osha baiskeli siku hiyo hiyo, maji ya kawaida na sabuni, usielekeze mashine ya presha kwenye beringi. Vumbi la chokaa la barabara nyeupe likichanganyika na mafuta ya cheni linakuwa msasa, linakula kaseti. Futa cheni, ikaushe, weka mafuta tone moja kila kiungo, zungusha, futa ya ziada, na uangalie pedi za breki zimebaki kiasi gani, vilima 20 vya kushuka vinazila kuliko mwezi mzima wa tambarare.